Mali Huria na Mali ya Pamoja: Istilahi za Ardhi na Misitu ya Vijiji

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa hati za serikali ni ile ya maliasili inayotumiwa na kutunzwa na watu wa mahali pamoja, kama vile malisho, misitu na vyanzo vya maji vya kijiji. Hati mbalimbali zimeiita mali ya wote, mali ya umma, ardhi wazi, ardhi huria, na kadhalika, kana kwamba maneno hayo ni visawe. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba kuyachanganya kwaweza kuwapotezea wanakijiji haki yao. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2021, sheria iliporekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria za Tanzania.

Kwanza yafaa tutenganishe dhana mbili. Kuna mali ambayo yeyote aweza kuitumia bila kuomba ruhusa, wala hakuna mwenye uwezo wa kumzuia. Na kuna mali yenye wenyewe, wanaojulikana, ambao wamewekeana kanuni za nani atumie, lini, na kwa kiasi gani. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala mashuhuri akitoa mfano wa malisho ambayo kila mfugaji huongeza ng'ombe mpaka yakaharibika. Wachambuzi waliomfuata walionyesha kwamba malisho aliyoyaeleza yalikuwa ya aina ya kwanza, ingawa jina alilolitumia lilikuwa la aina ya pili. Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alieleza habari za malisho ya milimani Uswisi, misitu ya vijiji Japani na mifereji ya maji Hispania, iliyotunzwa na watumiaji wenyewe kwa karne nyingi. Mwaka 2009 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wako wanaoikubali hoja ya Hardin kwa kukumbuka kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini methali hiyo yahusu wingi wa waongozaji, si wingi wa wenye chombo.

Kwa hiyo twapendekeza aina ya kwanza iitwe mali huria, na ya pili mali ya pamoja. Neno mali ya umma halifai kwa yoyote kati ya hizo. Kwa mujibu wa sheria za Tanzania, ardhi yote ni ya umma, nayo imewekwa chini ya Rais kama mdhamini. Basi anayeyaita malisho ya kijiji ardhi ya umma hajasema uongo, ila hajamwambia msomaji ni akina nani wenye haki ya kuyatumia.

Madhara ya uteuzi mbaya wa maneno yaonekana wazi katika sheria mbili za mwaka 1999. Sheria hizo ziliigawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi, Na. 4, ilipofafanua ardhi ya jumla, iliingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, haikuyaweka maneno hayo katika fasili yake. Tofauti hiyo ni ya maneno machache tu, lakini ardhi ya jumla husimamiwa na Kamishna wa Ardhi, na ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Mfasiri akiandika ardhi tupu mahali palipokusudiwa malisho yaliyopumzishwa, amewapa wengine hoja ya kuyachukua.

Mfano mzuri ni ngitili ya Wasukuma. Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, ili nyasi na miti ikue, kisha likafunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi. Mgeni akilipita masika, hataona ng'ombe hata mmoja. Lakini huko kutoonekana kwa ng'ombe ndiko kutumika kwake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulitegemea desturi hii, na maelfu mengi ya hekta yakarudia hali ya uoto. Hata hivyo tahadhari yahitajika. Ziko ngitili za kaya na ziko za kijiji. Kwa hiyo neno hili lataja namna ya kutunza, halitaji umiliki.

Upande wa misitu, tatizo limo katika neno pamoja lenyewe. Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, iliruhusu vijiji kutenga misitu yao katika ardhi ya kijiji; tena iliruhusu mikataba ya kusimamia misitu ya serikali kwa kushirikiana na wanakijiji. Utaratibu huu wa pili umezoeleka kuitwa usimamizi wa pamoja. Msomaji asiyejua aweza kudhani kwamba msitu wenyewe ni mali ya pamoja, kumbe ungali wa serikali.

Istilahi tunazozipendekeza ni hizi:

1. Mali huria: mali isiyo na wenyewe wala kanuni za matumizi.
2. Mali ya pamoja: mali ya kundi linalojulikana, yenye kanuni za matumizi.
3. Ardhi ya pamoja ya kijiji: sehemu ya ardhi ya kijiji iliyotengwa kwa matumizi ya wanakijiji wote.
4. Ardhi iliyopumzishwa: ardhi inayotumika kwa kufungwa kwa msimu.
5. Usimamizi wa ubia: usimamizi wa msitu wa serikali kwa mkataba kati ya serikali na kijiji.

Tunawaomba walimu, wafasiri na maofisa wa vijijini watuletee maneno ya lugha zao yanayotaja desturi za namna hii, pamoja na maelezo ya nani huwa na haki na nani hutunga kanuni.