Mechi ya bakuli: nani anacheza, nani anakula?

Jioni moja Nzibira, tumekwisha kutoka mu shimo, vijana wakafungua vidio ku simu. Watu wakubwa wenye kaske ku kichwa, wanagongana kama mbuzi dume, wanagombania balo yenye umbo la yai. Kijana mmoja aliyesoma kidogo Kiingereza akaona jina la ekipe, akaniita: «Mukubwa, njoo uone! Hawa wanaitwa Miners, ni kusema Wachimbaji. Nao ni wakrezeri kama sisi?» Tulicheka sana. Mwingine akasema: «Wao angalau wako na kaske.»

Ile ni ekipe ya iniversite ya El Paso, mu jimbo la Texas, Marekani. Shule ile ilifunguliwa 1914 kwa kufundisha mambo ya migodi, njo maana jina likabakia mpaka leo. Uwanja wao unaitwa Sun Bowl, na kila mwisho wa mwaka mule kunachezwa mechi kubwa yenye jina lile lile. Wachimbaji wa El Paso wenyewe walishinda mechi ile mara ya mwisho 1967.

Wandugu, nataka tuzungumze juu ya mechi za namna ile, kwa sababu ndani yake nimekuta jambo letu.

Bakuli ni nini?

Kule Marekani, maekipe ya iniversite yanacheza kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Novemba. Kisha ekipe yenye ilifanya vizuri, kwa kawaida yenye ushindi 6 ao zaidi, inaalikwa kucheza mechi moja ya ziada, Desemba ao mwanzo wa Januari. Ya kwanza ilichezwa 1902, mu jimbo la California: Michigan ilipiga Stanford 49 kwa 0. Mechi hizo zinaitwa «bowl», ni kusema bakuli, kwa sababu ya uwanja wenye umbo la bakuli. Leo ziko karibu 40 kila mwaka.

Na bakuli lile lina chakula. Televizyo inalipa, mahoteli yanajaa, iniversite inapata, kocha mwenye kontra ya mamilioni anaongezewa. Kwa miaka mingi muchezaji yeye alipewa masomo ya bure, kitanda, chakula, na zawadi kama saa ao kofia. Mshahara hapana. Alikatazwa hata kuuza jina lake.

Mukongomani ku Texas

Mutoto wetu mmoja alipita mule. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa, akakomea Canada, karibu na Montréal, kisha akaenda kuchezea Michigan. Siku ya 25 Novemba 1995 alikimbia na balo karibu metre 286 kwa mechi moja, dhidi ya Ohio State ambayo ilikuwa haijapigwa na mtu mwaka ule. Michigan ikashinda 31 kwa 23.

Siku ya 28 Desemba akacheza bakuli la Alamo, San Antonio, tena mu Texas. Walipigwa na Texas A&M, 22 kwa 20. Lakini yeye alitoka muzima, na 1996 ekipe ya kulipwa ya Carolina ikamchukua, wa 8 mu nchi nzima. Mwaka wa kwanza goti likaharibika. Majeraha mengine yakafuata, na 2001 kazi ikaisha. Hata hivyo majeraha yale yalimkuta akiwa na kontra mu mukono.

Yule aliyekataa

Wengine hawakupata bahati hiyo. Siku ya 1 Januari 2016, Jaylon Smith wa Notre Dame, kijana wa miaka 20, alikuwa mu bakuli la Fiesta, Arizona. Watu walisema atakuwa kati ya wa kwanza kuchukuliwa na maekipe ya kulipwa. Akasukumwa, goti likakatika, na mshipa wa fahamu wa mguu ukaumia. Alichukuliwa wa 34, akakaa mwaka muzima bila kucheza. Kati ya wa 5 na wa 34 kuna mamilioni ya dola yaliyopotea kwa dakika moja ya mechi ambayo hakulipwa.

Wenzake waliona. Desemba ya mwaka ule ule, Christian McCaffrey wa Stanford akasema: mimi sichezi bakuli la Sun Bowl, kule El Paso. Leonard Fournette naye aliacha bakuli lake. Walitukanwa: wanapenda pesa, wameacha ndugu zao. Stanford ilishinda bila McCaffrey, na 2017 yeye alichukuliwa wa 8, na Carolina. Nafasi ile ile, ekipe ile ile ya Biakabutuka.

Mimi simlaumu. Lakini mutu moja kukataa, ile ni dawa ya mutu moja. Mwenye nguvu anaweza kusema hapana. Yule ambaye hajulikani atasema nini?

Kura zisizohesabiwa

Wachezaji wa Northwestern, karibu na Chicago, walitafuta dawa ya wote. Mwanzoni mwa 2014, na Kain Colter mbele yao, waliomba kuunda sendika. Waliosimama nyuma yao ni sendika ya wafanyakazi wa chuma, ambayo wachimba migodi wengi wa Marekani nao ni memba. Hawakuomba kwanza mshahara. Waliomba matibabu ya majeraha, hata kisha masomo kuisha.

Mwezi wa 3 mukubwa wa ofisi ya kazi kule Chicago aliwapa haki: hawa ni wafanyakazi. Mwezi wa 4 wakapiga kura. Lakini Agosti 2015 ofisi ya juu ikakataa kuingia mu mambo yale, na kura hazikuhesabiwa hata moja. Hata hivyo neno lilikuwa limekwisha kutoka. Tangu Julai 2021 muchezaji anaweza kuuza jina lake, na tangu Julai 2025, kisha kesi ndefu, iniversite inaweza kumulipa yenyewe.

Na sisi huku Walungu?

Sisemi shida yao ni sawa na yetu. Wao wanalala pazuri. Lakini swali ni moja: mwili ukivunjika kwa kazi ya wote, nani analipa? Miaka ile ningali ninachimba, mwenzetu alivunjika mguu shimoni. Mwenye shimo alileta mchele na sukari, akarudi kwake. Hospitali ililipwa na likelemba yetu, na mke wake akauza mbuzi.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa 2018 inataka kila mchimbaji wa mikono awe ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Basi kooperative isiwe karatasi tu. Kisha sikukuu, mbele ya kushuka tena, timu nzima iulize PDG mambo matatu, na majibu yaandikwe: mifuko inahesabiwa mbele ya nani? Kaske na miti ya kushikilia shimo ni juu ya nani? Na mutu akiumia, hospitali inalipwa na kasha gani?

Muende kuuliza wote pamoja. Asiende moja.