Fedha za Picha ya "Hotel Rwanda"

Wageni wengi wanaofika hapa Kigali hutaka kuiona Hôtel des Mille Collines kwa sababu ya picha ya sinema iitwayo "Hotel Rwanda", iliyotoka mwaka 2004. Nami nataka kueleza habari ya fedha zake. Viingilio vilivyokusanywa duniani vilikaribia dola milioni 34. Zaidi ya milioni 23 zilitoka Marekani na Kanada. Hiyo yote si faida, maana wenye majumba ya sinema huchukua fungu lao, na gharama za kuitengeneza picha hutolewa pia. Tena viingilio huhesabu watu waliolipa, havipimi ukweli. Baadhi ya walionusurika katika hoteli hiyo mwaka 1994 wameyakataa masimulizi yake. Basi, ndugu zangu, tukiisha kuitazama picha, tuwasikilize na hao walioyaona kwa macho.