Kinga ya Kifafa cha Mimba Huanza Mapema

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo za Kikristo, kuanzia Mbagala hadi Tandale, bado tunasikia mama akishauriwa kuuficha ujauzito mpaka uonekane wenyewe. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, lakini waweza kumpotezea mama majuma ambayo dawa ingemkinga.

Kifafa cha mimba kwa kawaida hutanguliwa na shinikizo la juu la damu baada ya juma la 20, mara nyingi pamoja na protini katika mkojo. Mama anaweza asihisi lolote. Ni kipimo tu kitakachofichua. Walio katika hatari zaidi ni waliowahi kupatwa na hali hiyo, wenye presha ya siku nyingi, kisukari au ugonjwa wa figo, na wenye mimba ya mapacha. Kwa hao, Shirika la Afya Duniani linapendekeza aspirini ya miligramu 75 kwa siku, ianzwe kabla ya juma la 20. Dawa hiyo itolewe na mhudumu wa afya. Mama asijinunulie mwenyewe.

Kinga nyingine ni kalsiamu, hasa pale ambapo chakula hakina madini hayo ya kutosha. Shirika hilo limependekeza miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku, ambavyo ni vidonge vingi. Hapa Dar es Salaam, akina mama 11,000 wenye ujauzito wa kwanza walishiriki utafiti uliolinganisha miligramu 500 na 1,500. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa hali inayotangulia kifafa iliwapata asilimia 3.0 na 2.7, tofauti ndogo. Kalsiamu isimezwe wakati mmoja na vidonge vya kuongeza damu.

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona maluweluwe, uso ukivimba ghafla au tumbo likiuma upande wa juu, mama apelekwe hospitali mara moja, hata usiku.

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kwamba tabibu na dawa vimetoka kwa Mungu. Basi tusali, na tumsindikize mama kliniki kabla ya juma la 12. Kuificha mimba kwa majirani ni hiari yake. Kuificha kwa mkunga ni hatari kwa uhai wa wawili.