Kukata bodi za saruji nyumbani: chagua kifaa kabla ya kuwasha grainda

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mtwapa, Mariakani na Malindi, bodi za saruji sasa husimamishwa ukutani pamoja na plaiwudi na jipsamu. Kwa mkazi wa Pwani sababu ya kuzinunua inaeleweka. Mchwa hawazili, unyevu hauzivimbishi kama plaiwudi, na haziungui ovyo karibu na jiko. Anayefunga dari, anayegawa chumba kwa ajili ya mpangaji au anayeweka ukuta nyuma ya vigae vya bafu anaona amepata kitu cha kudumu.

Shida huanza bodi ikishafika nyumbani, kwa sababu ni nadra chumba kulingana na kipimo cha bodi. Lazima ikatwe. Mazoea ya wengi wetu ni kumwita kijana mwenye grainda, akaipitisha kwa dakika mbili huku wingu jeupe likitanda uani, likaangukia nguo zilizoanikwa, mtungi wa maji na watoto waliokuja kutazama. Kazi inaisha haraka, na malipo yake ni madogo. Makala haya yanaeleza kwa nini njia hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, na mwenye nyumba anaweza kutumia nini badala yake.

Vumbi hilo lina nini

Bodi ya saruji hutengenezwa kwa saruji, mchanga uliosagwa na nyuzi laini zitokanazo na mbao. Mchanga huo una madini ya silika. Bodi ikiwa nzima ukutani haina neno. Unaweza kuigusa, kuipaka rangi na kulala chini yake miaka yote. Hatari huja pale inaposagwa na kitu kinachozunguka kwa kasi kubwa.

Vumbi unaloliona likianguka sakafuni si tatizo kubwa. Tatizo ni chembe zilizo ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita, ambazo macho hayazioni na pua haiwezi kuzizuia. Chembe hizo huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, huingia hadi ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Mapafu hujaribu kupambana nazo na kuishia kupata makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao hauna tiba ya kuuondoa. Mwaka 1997, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la silika la aina hii katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Aidha, mtu ambaye mapafu yake yamejaa silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, jambo ambalo kwa nchi kama yetu si la kupuuzwa.

Tuseme ukweli bila kutisha watu: mwenye nyumba anayekata bodi nne mara moja maishani hayuko katika hatari sawa na fundi anayekata kila siku kwa miaka 10. Silikosisi kwa kawaida hujengeka polepole. Lakini fundi huyo ni jirani yetu, mara nyingi ni kijana wa miaka ishirini na kitu, na kila nyumba anayoitwa huongeza kidogo katika mzigo alioubeba kifuani. Kwa hiyo kifaa unachokubali kitumike nyumbani kwako kinamhusu yeye kuliko kinavyokuhusu wewe.

Kwanza hesabu mikato yako

Kabla ya kuuliza bei ya mashine, chukua karatasi na uchore chumba chako. Bodi ya kawaida sokoni ina upana wa milimita 1,220 na urefu wa milimita 2,440, yaani futi nne kwa nane. Chukua dari ya chumba cha mita tatu kwa tatu. Utahitaji bodi nne. Mbili zinapanda zikiwa nzima, na mbili zinazobaki zinatoa vipande vya kujazia. Ukipanga vizuri, kazi yote ina mikato sita iliyonyooka, pamoja na tundu moja la taa.

Mikato sita! Kwa kazi hiyo huhitaji mashine yoyote ya umeme. Wengi hununua au hukodi grainda kwa sababu hawakuhesabu.

Kisu cha kuchania

Kifaa cha kwanza, na kwa maoni ya mwandishi ndicho kinachowafaa wengi, ni kisu cha kuchania chenye ncha ya kabaidi. Usikichanganye na kisu cha wembe wa kuvunjika kinachotumika kukata jipsamu na zulia. Wembe ule ukiupitisha kwenye saruji unakuwa butu baada ya mikato michache. Kabaidi ni chuma kigumu sana, kile kile kinachowekwa kwenye ncha za biti za kutobolea zege. Ukikosa kisu chenyewe dukani, omba kifaa cha kuchania vigae chenye ncha hiyo.

Namna ya kukitumia ni rahisi, ila inataka subira. Laza bodi juu ya meza au mbao zilizonyooka, uso wake mzuri ukitazama juu. Weka rula ndefu ya chuma au bomba la mraba la alumini kwenye mstari, na mtu wa pili alishike lisiteleze. Pitisha ncha mara ya kwanza kwa wepesi ili ipate njia yake, kisha urudie kwa nguvu mara tano au zaidi hadi mchano ufike kama theluthi moja ya unene wa bodi. Sasa gandamiza rula hiyo kandokando ya mchano na uinue upande wa pili wa bodi kuelekea juu. Itakatika kwa mlio mmoja. Kingo zilizokwaruzika unazisawazisha kwa tupa ya mbao.

Vumbi linalotoka ni kidogo na zito; linaanguka pale pale. Hakuna kelele, hakuna tokeni za umeme zinazoliwa, na kifaa chenyewe kinatosha mfukoni. Udhaifu wake ni mmoja: njia hii inafaa bodi nyembamba, za milimita 6 hivi, ambazo ndizo zinazotumika zaidi kwenye dari. Milimita 9 inawezekana kwa mtu mwenye mkono mzito. Bodi ya milimita 12 itakuchosha bure, tena inaweza kuvunjika pasipotakiwa.

Tundu la taa au la bomba halihitaji grainda pia. Chora duara, toboa matundu madogo yanayofuatana juu ya mstari huo kwa drili na biti ya kabaidi, kisha gonga kipande cha katikati kwa nyundo, polepole, kutoka upande wa uso. Malizia kwa tupa.

Misumeno na mikasi

Msumeno wa mkono wa mbao utakata bodi ya saruji, lakini meno yake hayatakata mbao tena. Ukiwa nao mzee unaokaribia kutupwa, mpe kazi hii ya mwisho. Kwa vipande vidogo na kona, msumeno wa chuma unatosha.

Kwa bodi nene, au mikato ya kupinda kama ile inayozunguka choo na sinki, msumeno wa umeme unaopanda na kushuka, ambao mafundi huuita jigsoo, ndio unaostahili. Uwekee wembe wa kabaidi, na uendeshe kwa kasi ya chini. Vumbi lake linazidi la kisu lakini halikaribii la grainda.

Ipo pia mikasi maalumu ya bodi za saruji, ya mkono na ya kufungwa kwenye drili. Hukata kwa kuminya badala ya kusaga, hivyo vumbi ni dogo sana. Si rahisi kuipata katika kila duka la mtaani, na kwa chumba kimoja bei yake haina maana. Kikundi cha mafundi wanaofanya kazi za dari kila wiki wangefanya vyema kuchanga na kununua mmoja.

Msumeno wa mviringo ni wa kazi kubwa: nyumba nzima, au ukuta wote wa nje. Diski yake iwe ile ya bodi za saruji, yenye meno machache, manne hadi manane, yaliyotiwa almasi bandia. Diski ya mbao yenye meno mengi inasaga zaidi na kufa haraka. Mashine iwe na tundu la kuunganishia kifaa cha kufyonza vumbi, na tundu hilo litumike kweli.

Grainda

Inakata kila kitu, ndiyo maana inapendwa. Lakini diski ya inchi nne na nusu huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, na kwa mwendo huo haikati bodi. Inaisaga ikawa unga, ule unga mwembamba tuliouzungumzia. Kama hakuna njia nyingine, na fundi ameshika grainda, mambo yafuatayo si ya kujadiliana.

Kinga ya chuma inayofunika diski isitolewe. Wengine huitoa ili watie diski ya inchi tisa kwenye mashine ndogo. Tazama namba zilizoandikwa kwenye diski: ile kubwa imetengenezwa kwa kasi ya juu ya takriban mizunguko 6,600 kwa dakika. Ukiifunga kwenye mashine ya 11,000 unaizungusha karibu mara mbili ya uwezo wake, na ikipasuka vipande vinaruka kama risasi, usawa wa uso na shingo. Diski yenye meno kama ya msumeno wa mbao nayo haina nafasi kwenye grainda. Ikinasa, mashine hurukia mwenye kuishika. Tumia diski ya almasi isiyo na meno. Na ukikuta diski zile nyeusi za kukatia chuma, soma tarehe kwenye pete yake ya katikati, kwa maana zina mwisho wa matumizi.

Kazi ifanyike nje, upepo ukipiga mgongoni, mbali na madirisha, kisima na jikoni. Watoto waondoke, na nguo zianuliwe. Mwenye kukata asivae leso, kanzu wala mikono mipana. Usimwagie maji mashine ya umeme ambayo haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Hapo utakimbia vumbi upigwe na umeme. Waya wa kuongezea ukunjuliwe wote, usiachwe umejiviringisha.

Barakoa

Zile barakoa za bluu zilizobaki kabatini tangu korona hazizuii vumbi hili, na kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii hata nusu ya kazi. Omba dukani barakoa iliyoandikwa N95 au FFP2. Ibane vizuri puani, iguse ngozi pande zote. Ndevu huacha mwanya. Vaa na miwani. Ukimwajiri fundi kwa siku, kumbuka kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Bei ya barakoa mbili ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya bodi moja.

Ukimaliza, usifagie pakavu. Ufagio unarudisha hewani kile kilichokwisha kutua. Nyunyiza maji kwanza, kisha kusanya. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Bodi za zamani ni habari nyingine

Yote yaliyosemwa yanahusu bodi mpya. Nyumba zilizojengwa miongo iliyopita, zikiwemo baadhi ya nyumba za watumishi na shule, zina mapaa na dari za saruji iliyochanganywa na asbestosi. Kwa macho zinafanana sana na bodi za leo: rangi ya kijivu, ngumu, wakati mwingine zenye mawimbi. Nyuzi za asbestosi husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, mara nyingi miaka mingi baadaye. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 zimeiweka asbestosi katika orodha ya taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya watu walioidhinishwa na NEMA.

Kama hujui bodi iliyopo nyumbani kwako iliwekwa lini, ichukulie kuwa ni asbestosi. Usiikate, usiitoboe, usiipige msasa wala kuisugua kwa brashi ya waya. Usiwape majirani vipande vyake wajengee banda la kuku. Wasiliana na ofisi ya NEMA iliyo katika kaunti kabla ya kuigusa.

Unaponunua bodi mpya, tafuta alama ya ubora ya KEBS na uihakikishe kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Ikiwa unabomoa au kuongeza ukuta, si kubadilisha dari tu, pita kwanza ofisi ya mipango ya kaunti, kwa kuwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha ujenzi. Masalio ya bodi mpya yafungwe kwenye gunia lililoloweshwa kabla ya kupelekwa jaani, na yasivunjwevunjwe njiani. Fundi yeyote ambaye amekata saruji au mawe kwa miaka na sasa ana kikohozi kisichoisha, au anahema akipanda ngazi, aende kituo cha afya na amweleze daktari kazi anayofanya, maana bila hilo anaweza kutibiwa kitu kingine. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za umma.