Swala wamekwenda wapi? Jibu huanzia kwenye mvua

Msikilizaji, huenda umewahi kujiuliza: mwaka jana swala walijaa mbugani, mbona mwaka huu hawaonekani? Wengi hulaumu majangili, na ni kweli wapo. Lakini mara nyingi jibu huanzia kwenye mvua.

Tuanze na Mlima Meru. Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda mlima na kumwaga mvua nyingi upande wa kusini, kwenye migomba na kahawa. Kaskazini, kuanzia Ngarenanyuki hadi Longido, hubaki mvua kidogo. Kwa hiyo pongo wa msitu wa Hifadhi ya Taifa Arusha hupata majani karibu mwaka mzima, lakini wanyama wa tambarare husubiri nyasi za msimu.

Ukame nao hauwapigi wote sawa. Nyumbu hula nyasi na lazima anywe maji mara kwa mara. Swala twiga hula majani ya vichaka na anaweza kukaa muda mrefu sana bila kunywa. Nyasi zikiisha, nyumbu ndiye huanguka kwanza.

Mfano upo jirani. Katika eneo la Amboseli, Kenya, mpakani na Longido, hesabu ya mwaka 2007 ilikuta nyumbu zaidi ya 18,000. Ukaja ukame wa 2009. Mwaka 2010 walibaki kama 3,000.

Hata hivyo, kutoonekana si lazima iwe kufa. Nyumbu na pundamilia wa Tarangire huenda tambarare za Simanjiro wakati wa mvua, wakazaa huko kwenye nyasi zenye madini, kisha hurudi mtoni kiangazi. Mvua ikichelewa, safari nayo huchelewa. Njia ikizibwa kwa mashamba na uzio, hata mvua njema haiwasaidii, na kundi lililopungua huchukua miaka mingi kurudi.

Hili linamhusu mfugaji moja kwa moja. Baada ya ukame ule wa Amboseli, simba na fisi waliokosa mawindo waligeukia mifugo. Kwa hiyo mvua zikianza baada ya kiangazi kikali, msidhani hatari imekwisha. Huo ndio wakati wa kuimarisha maboma na kuongeza ulinzi usiku. Na tukiheshimu alalili, malisho yaliyotengwa kwa kiangazi, ng'ombe wetu watapata chakula, na swala pia watapata pa kujishikiza.