Nduthi ya stima inajua unakolala. Nani mwingine anafaa kujua?

SIMAMA dakika kumi nje ya kituo chochote cha kubadilishia betri jijini Nairobi mwendo wa saa kumi na mbili jioni. Nduthi za umeme zinaingia bila kelele. Mwendeshaji anachomoa betri iliyoisha chaji, anairudisha kwenye rafu, anapewa iliyojaa, anatupia simu jicho kuona amekatwa ngapi, kisha huyoo! Abiria anangoja.

Usichokiona ni rekodi inayobaki nyuma. Kampuni imejua ni betri gani imerudi, saa ngapi, imebaki na chaji kiasi gani na imepewa nani. Kwa kuwa nyingi ya betri na pikipiki hizi zina kifaa cha GPS, kampuni inaweza pia kujua ilipita barabara gani, ilisimama wapi na usiku ililala mtaa upi. Zidisha hiyo mara siku 365, na mara kila mwendeshaji aliyeacha petroli akahamia stima.

Sasa kuna mtu mwingine anayeitaka sehemu ya rekodi hiyo, na sababu yake si mbaya. Ni yule anayepanga stima za mtaa wako zisipotee.

Mbona gridi inataka kujua?

Kenya ina tatizo la ajabu kidogo. Usiku wa manane tuna stima nyingi kuliko tunazotumia, ilhali saa moja jioni tunabanana. Visima vya mvuke kule Olkaria havilali watu wanapolala, lakini taa, pasi, televisheni na majiko ya umeme huwashwa kwa pamoja watu wakifika nyumbani. Mnamo Februari 2025, kilele cha matumizi ya umeme nchini kilipita megawati 2,300.

Ndiyo maana bei mpya za umeme zilizoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA) mwaka 2023 zilikuja na ada maalum ya kuchaji vyombo vya umeme: Sh16 kwa kila uniti saa za kawaida, na Sh8 usiku mahitaji yakiwa chini, kabla ya kuongeza kodi na ada nyingine. Ujumbe ni rahisi: chaji wengine wakiwa wamelala, ulipe nusu.

Hesabu ya nchi nzima si ngumu sana. Kizungumkuti kiko kwenye ile transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani kwenu.

Chukua mtaa ambao waendeshaji 300 wa bodaboda wamehamia umeme na wanachaji nyumbani. Tuseme kila chaja inavuta kilowati 1. Wote wakichomeka saa moja jioni, hizo ni kilowati 300, karibu uwezo wote wa transfoma ya kVA 315, na hujamhesabu hata mama anayepiga nguo pasi. Mzigo huo ukigawanyika kwenye transfoma kadhaa, afadhali. Ukiangukia moja, mtaa mzima uko gizani.

Anayepanga gridi anahitaji basi kujua mambo matatu: stima zinavutwa wapi, saa ngapi na kiasi gani. Hebu angalia tena orodha hiyo. Haina swali la 'nani'. Hapo ndipo mjadala wote wa faragha unapoanzia, kwa sababu rekodi inayojibu maswali hayo matatu kwa kawaida hubeba na jibu la nne ambalo halikuulizwa.

Toa jina, bado utajulikana

Jibu ambalo kampuni nyingi hukimbilia ni hili: "Tusijali, tumeondoa majina na nambari za simu." Linatuliza roho, lakini halitoshi.

Mwaka 2013, watafiti wakiongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye walichunguza rekodi za simu za watu milioni 1.5 zisizo na majina. Waligundua kwamba ukijua mahali pane tu alipokuwa mtu na saa aliyokuwa hapo, unaweza kumtenga na wengine wote katika asilimia 95 ya watu hao. Mara nne tu! Sasa fikiria mwendeshaji wa nduthi: steji yake ya asubuhi, kibanda anachokula mchana, kituo anachobadilishia betri, na ploti anakolala. Hizo nne tayari ni kama kitambulisho chake.

Mwaka 2014, jiji la New York lilitoa rekodi za safari milioni 173 za teksi. Nambari za magari zilikuwa zimefichwa, lakini kwa njia dhaifu. Mtaalamu mmoja wa programu alizifichua bila kutoa jasho.

Na si mambo ya kale. Desemba 2024, jarida la Der Spiegel la Ujerumani likisaidiana na wadukuzi wa Chaos Computer Club lilifichua kwamba data za magari ya umeme takriban 800,000 ya kundi la Volkswagen zilikuwa zimeachwa wazi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kwa zaidi ya nusu ya magari hayo, ungeweza kuona kwa usahihi mkubwa yalipokuwa yameegeshwa. Miongoni mwake yalikuwemo magari ya polisi wa Hamburg na ya wanasiasa. Hakuna aliyekuwa amekusudia kuwapeleleza. Data zilikusanywa, zikahifadhiwa, kisha mtu akasahau kufunga mlango.

Hapa kwetu, ni nani anayeumia?

Unaweza kusema, aah, mimi sina cha kuficha. Lakini wengi wanaoendesha nduthi hizi wamezichukua kwa mkopo. Anayekudai akiweza kuona umefanya kazi saa ngapi leo, mnapojadiliana kuhusu malipo yaliyochelewa yeye ana kadi zote mkononi, nawe huna hata moja. Rekodi hiyo hiyo ikimfikia kampuni ya bima, mwajiri, au mpenzi mwenye wivu, mambo yanakuwa mengine kabisa.

Halafu kuna suala la dola. Baada ya maandamano ya Juni 2024 na visa vya vijana kutekwa nyara vilivyofuata, swali la 'nani anajua niko wapi sasa hivi' liliacha kuwa la mawakili peke yao. Liliingia kwenye vikundi vya WhatsApp, watu wakaambiana wazime simu. Bodaboda wengi walikuwa mjini siku hizo, wengine wakiandamana, wengine wakibeba majeruhi, wengine wakitafuta tu pesa ya siku. Simu unaweza kuizima. Betri ya nduthi huwezi kuizima, maana ndiyo inayokupeleka nyumbani.

Sheria yenyewe ina mwanya hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda raia kwa mengi, lakini kifungu cha 51 kinaruhusu ulinzi huo uwekwe kando panapohusika usalama wa taifa. Kwa hivyo ahadi ya kampuni kwamba itaitunza vizuri data yako ina kikomo, hata kampuni ikiwa na nia njema. Data ambayo haikuhifadhiwa ndiyo pekee ambayo hakuna mtu anayeweza kuiomba.

Waholanzi waligoma

Kuna wanaoona faragha kama kisingizio cha kuchelewesha maendeleo. Wangeuliza Uholanzi. Mwaka 2009, serikali ya huko ilitaka kila nyumba iwekewe mita janja ya umeme, iwe kwa hiari au kwa lazima. Bunge la Seneti lilikataa, faragha ikiwa sababu kuu, kwa kuwa mita inayosoma matumizi kila baada ya dakika chache inaonyesha umeamka saa ngapi na umesafiri lini. Mpango ulibidi ubadilishwe na mwananchi akapewa nafasi ya kusema hapana.

Sisi pia tumeonja. Mwaka 2023 maelfu ya vijana walipanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni na Worldcoin kwa malipo ya takriban Sh7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Watu wakishachomwa hivyo, hata mradi wa maana ukija wanautilia shaka. Na mpango wa gridi unaojengwa juu ya data za watu wasiouamini utapata data za uongo.

Stima zisipotee, na faragha ibaki

Habari njema ni kwamba njia zipo, na baadhi hazihitaji teknolojia ya ajabu.

Ya kwanza ni kupima transfoma, si watu. Mita ikifungwa kwenye transfoma yenyewe, Kenya Power itajua mzigo wa mtaa saa baada ya saa bila kujua nani kachomeka nini. Kasoro yake ni kwamba mita hiyo inakuonyesha ya leo. Haikuambii kwamba mwezi ujao nduthi 100 zaidi zinahamia hapo.

Ya pili ni vituo vya kubadilishia betri. Ukifikiria vizuri, kituo ni pazia. Gridi inaona rafu ya betri inavuta stima, haimwoni mwendeshaji. Kituo kinaweza hata kupunguza kasi ya kuchaji saa moja jioni na kuiongeza usiku bila kumwuliza mtu anaelekea wapi. Kampuni ikimpa mpangaji jumla ya uniti za kila kituo kwa kila nusu saa, inatosha. Majina na ramani za safari hazina kazi hapo.

Ya tatu ni bei. Nusu bei usiku inamfanya mtu mwenyewe aahirishe kuchaji, bila kamera wala apu ya kumchunga. Shida ni kwamba anayechomeka kwa ekstensheni kwenye ploti analipa bei ya kawaida ya nyumbani, ambayo ni ile ile mchana na usiku. Hana sababu ya kungoja saa nne. Ukimfikishia huyo nafuu ya usiku, utapunguza mzigo wa jioni kuliko ukimfuatilia.

Ya nne ni mchezo wa sarafu, unaotokana na wazo ambalo mtaalamu wa takwimu Stanley Warner alilianzisha mwaka 1965 ili watu waweze kujibu maswali ya aibu. Waulize waendeshaji 1,000: "Jana ulichaji kati ya saa moja na saa nne usiku?" Kila mmoja arushe sarafu kwa siri. Ikianguka upande wa picha, ajibu ukweli. Ikianguka upande wa pili, airushe tena na aseme 'ndio' au 'la' kulingana na sarafu. Tuseme 'ndio' ni 400. Unajua takriban 250 kati ya hizo ni za sarafu tu. Zinabaki 150 kutoka kwa watu kama 500 waliosema ukweli, yaani asilimia 30. Umepata picha ya mtaa, lakini ukimshika mwendeshaji yeyote umwambie "wewe ulisema ndio", anaweza kukujibu, "Ni sarafu, bro." Apu inaweza kufanya hivyo yenyewe kabla data haijatoka kwenye simu.

Tusidanganyane lakini: sarafu inafanya kazi kwa kundi kubwa. Transfoma ikiwa na nduthi 12, kelele ya sarafu itafunika ukweli. Na kijijini ambako kuna gari moja tu la umeme, 'jumla ya mtaa' ni maisha ya mwenye gari hilo. Hapo lazima kuwe na kanuni kwamba jumla ya watu wachache haitolewi, au inaunganishwa na ya mitaa jirani. Mpangaji atapoteza usahihi kidogo. Bei hiyo inalipika. Transfoma kubwa kidogo kuliko inavyohitajika ni gharama ya mara moja, lakini historia ya safari za mtu ikivuja hairudi.

Wewe uulize nini?

Kifungu cha 25 cha sheria ya 2019 kinataka data ikusanywe kwa sababu iliyotajwa wazi na isizidi inayohitajika kwa sababu hiyo. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kujua data yako inatumiwa vipi, kuiona, kupinga matumizi yake, na kutaka makosa yasahihishwe au data ya kupotosha ifutwe. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi ya mkopo wa nduthi ya stima, uliza:

– GPS inarekodi nikiwa kazini tu, au hata usiku nikiwa nyumbani?

– Rekodi za safari zinawekwa kwa muda gani kabla ya kufutwa?

– Nani mwingine anazipata: benki, bima, Kenya Power, polisi? Anapewa safari zangu, au jumla tu?

– Mnaweza kuizima pikipiki mkiwa mbali, na ni kwa sababu gani?

Wakikuzungusha, unaweza kulalamika bila malipo kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaipa siku 90 kuchunguza na kuamua. Wala usidhani ni ofisi ya kupokea barua tu. Mnamo Septemba 2023, iliipiga klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake.

Na kama mko kwenye chama cha bodaboda au sacco, ulizeni kwa pamoja. Mtu mmoja akikataa masharti ya mkataba, anaambiwa aache nduthi hapo. Wanachama 200 wakikataa, mkataba unaandikwa upya.