Shura Iliyo Ndani ya Jicho

Katika neema alizotukirimu Mwenyezi Mungu, Qurani yatukumbusha mara nyingi neema ya kusikia na neema ya kuona, na yatuhimiza tuzishukuru. Nasi twashukuru kwa ulimi. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kukaa na kujiuliza: Je, jicho hili laonaje?

Lililotusukuma kuandika haya ni jambo la jirani yetu mmoja hapa Kwamkoro, mtu mzima, msomaji wa Qurani tangu ujana wake. Kwa muda wa miaka miwili hivi tulimwona akijigonga bega katika mwimo wa mlango wa msikiti, na akimwaga kikombe cha mtu aliyeketi ubavuni mwake. Mwenyewe alisema macho yake ni mazima. Na kweli, ukimpa msahafu alisoma bila ya taabu. Sisi tukacheka, tukasema, "Shekhe, huo ni uzee." Alipofika kwa waganga wa macho aliambiwa kuwa jicho lake la kushoto limekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya uoni wake, na kwamba kilichokufa humo hakirudi. Lau tungalijua jicho lifanyavyo kazi, tusingalicheka.

UTANDO ULIO NYUMA YA JICHO

Wengi hudhani kuwa jicho ni kama kamera: picha huingia kwa mbele, kisha ikapelekwa nzima nzima hadi ubongoni. Nusu ya kwanza ya maneno haya ni kweli. Zamani wako wenye hekima wa Kiyunani waliosema kuwa jicho ndilo litoalo miali na kwenda kuvigusa vitu. Aliyeivunja kauli hiyo kwa hoja na majaribio ni mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeandika kitabu chake kikubwa juu ya kuona huko Misri kati ya mwaka 1011 na 1021. Alithibitisha kuwa nuru hutoka katika vitu ikaingia jichoni. Lakini yeye alidhani mahali pa kuhisi ni lenzi iliyo mbele. Mwaka 1604 Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota, akabainisha kuwa picha huangukia nyuma ya jicho, juu ya utando uitwao retina. Waarabu huuita shabakiya, yaani ulio mfano wa shabaka, wavu.

Utando huu ni mwembamba sana. Unene wake haufiki hata nusu ya milimita. Juu ya hivyo, ndani yake mna chembe hai zipatazo milioni 126 zipokeazo nuru. Kiasi cha milioni 120 ni mfano wa vijiti, nazo hutumika katika giza na mwanga hafifu. Kiasi cha milioni 6 zimechongoka mfano wa pia wachezeayo watoto. Hizi huitwa koni, nazo ndizo zitambuazo rangi. Mama achumaye chai hapa Kwamkoro, atofautishaye kichipukizi kichanga na jani lililokomaa, afanya kazi hiyo kwa koni. Na ndugu aendaye msikitini alfajiri kwa njia ya msituni, ilhali ukungu umetanda, aongozwa zaidi na vijiti.

Hapa sasa ndipo penye ajabu. Mshipa wa fahamu utokao jichoni kwenda ubongoni una nyuzi kiasi cha milioni 1 tu. Ni kama mji wenye watu mia na zaidi, nao wana mjumbe mmoja wa kupeleka maneno yao kwa Liwali. Kila mtu akitaka lake lifikishwe, mjumbe hatafika. Hawana budi wakutane kwanza, washauriane, maneno yanayorudiwa yaachwe, na lenye maana ndilo lipelekwe. Na hivyo ndivyo zifanyavyo chembe za retina. Kabla ubongo haujapata habari, jicho limekwisha kufanya shura yake.

MASHAURIANO YENYEWE

Kwanza ni vijiti na koni. Ungedhani kuwa chembe hizi hutoa sauti zionapo nuru. Kumbe ni kinyume. Gizani ndipo zitoapo kemikali yao bila ya kukoma, na nuru ikizifikia hupunguza. Kunyamaza kwao ndiko kutoako habari.

Habari hiyo hupokewa na chembe za pili, ziitwazo baipola. Hizi zina makundi mawili: moja huamka nuru inapozidi, na jingine huamka nuru inapopungua. Kwa hiyo weusi nao ni habari kamili, wala si kukosekana kwa habari. Mtoto atazamaye herufi ya alifu, nyeusi juu ya karatasi nyeupe, hupewa khabari ya wino na kundi hili, na ya karatasi na kundi lile.

Katikati zimekaa chembe nyingine zilizolala ubavu kwa ubavu, ambazo kazi yao ni kulinganisha majirani. Mahali palipo sawasawa, kama ukuta mweupe, kila jirani humpunguzia mwenzake sauti, kwa kuwa wote wasema neno moja. Mahali penye mpaka wa weusi na weupe, hapo sauti hupanda. Haldan Keffer Hartline wa Marekani alilichunguza jambo hili la jirani kumpunguzia jirani katika jicho la mnyama wa baharini aitwaye Limulus, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Kabla yake, mwaka 1953, Stephen Kuffler alionyesha katika jicho la paka kuwa chembe za mwisho za retina huitika zaidi kwa tofauti baina ya kati na pembeni kuliko kwa wingi wa nuru.

Yako mambo ambayo msomaji aweza kuyapima mwenyewe. Chukua kitabu ukisome juani wakati wa adhuhuri, kisha ukisome chumbani usiku kwa taa ndogo. Wino ule mweusi uliopigwa na jua warudisha nuru nyingi kuliko karatasi nyeupe iliyo chini ya taa. Basi mbona mchana huuoni wino kuwa mweupe? Ni kwa sababu jicho halikupeleka hesabu ya nuru. Lilipeleka tofauti ya wino na karatasi iliyo kando yake, na tofauti hiyo ni ile ile juani na tabani.

Zipo tena chembe ziitwazo amakrini, ambazo baadhi yao husaidia kutambua kipi kimesogea, na kwa upande gani. Kinyonga akitulia juu ya tawi, twampita. Akiinua mguu mmoja, twamwona.

Mwisho wa yote ni chembe ziitwazo ganglioni. Hizi ndizo wajumbe. Mikia yao mirefu hukusanyika ikawa ule mshipa wa fahamu wenye nyuzi milioni 1. Mjumbe akifa, wale waliomtuma wote wabaki na maneno yao. Hata wakiwa wazima, hakuna awasikiaye.

SHIMO LISILOONEKANA

Wako watakaosema: mtu akipotelewa na sehemu ya uoni, ataona doa jeusi mbele yake. Sivyo. Jaribuni hili nyumbani pamoja na watoto. Andika msalaba mdogo katika karatasi, na upande wake wa kulia, umbali wa sentimita 8, tia nukta nene. Fumba jicho la kushoto, ukazie msalaba kwa jicho la kulia, kisha isogeze karatasi polepole. Ikifika kiasi cha sentimita 30, nukta itatoweka. Hapo imeangukia mahali ambapo mshipa watokea, pasipokuwa na chembe ya kupokea nuru. Lakini hukuona shimo: uliona karatasi nyeupe tu. Ubongo umepaziba.

Na hivi ndivyo alivyodanganyika jirani yetu. Ugonjwa wake huitwa glakoma, na watu wengi huuita presha ya macho, kwa kuwa mara nyingi, ingawa si kila mara, maji ya ndani ya jicho huzidi mkazo. Huziua ganglioni kidogo kidogo, na kwa kawaida huanzia zile za pembeni, bila ya maumivu. Uoni wa katikati, ambao ndio wa kusomea, hubaki hata mwisho. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, ukatangazwa mwaka 2000, ulikuta ugonjwa huu kwa watu kiasi cha 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi.

Tusiuchanganye na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, na kwa kupasuliwa mtu huweza kuona tena. Glakoma haina kurudisha. Dawa za matone au upasuaji huzuia tu kilichobaki kisipotee. Kwa hiyo faida yote imo katika kuwahi.

LILILO JUU YETU

Kwanza, kila aliyetimia miaka 40 na apimwe macho, hata akiwa aona vizuri. Na khasa yule ambaye mzazi wake au ndugu yake ana glakoma. Pili, tuache kununua dawa za macho dukani bila ya kuandikiwa, kwani baadhi yake zina steroidi, na zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta glakoma yenyewe. Tatu, vijiti vyahitaji vitamini A. Mtoto ajikwaaye jioni magharibi ikiingia, apelekwe kituoni. Na nyumbani apewe mchicha, papai, mayai na ini. Nne, milima yetu hii ya Usambara yajulikana kwa usubi, ambao vijidudu vyake huweza kuharibu hata retina. Dawa ya aivamektini, ambayo watengenezaji wake waliahidi tangu mwaka 1987 kuitoa bure, iletwapo kijijini tusiikatae.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kutafuta tiba wala hakutufundisha kulala tukasema ni uzee. Jirani yetu leo atia matone yake kila siku, na tukienda msikitini twampita upande wa kushoto ili tumkinge na mwimo. Bado asoma msahafu, alhamdulillahi. Lakini kila tumwonapo akigeuza uso mzima ili amtazame aliye kando yake, twakumbuka kicheko chetu.

Basi, ndugu msomaji, ukimaliza kusoma haya, mtazame mzee aliye nyumbani mwako akipita mlangoni. Akijigonga, usicheke. Mshike mkono umpeleke kupimwa.

Wabillahi tawfiq.